Mwendo wa Rola

Rola ilikuwa imekwenda na kurudi juu ya kipande kilekile cha barabara tangu asubuhi, na lami bado ilikuwa na moto wa kuunguza soli ya kiatu. Dereva wake, ambaye wenzake walimwita Konokono, alikaa kwenye kiti kilichotoboka hadi sponji, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukifukuza moshi usoni. Barabara haikuwa imefunguliwa. Mapipa mekundu yalipangwa huku na huku, na ubao ulisema njia imefungwa. Aliyeruhusiwa kupita alikuwa yeye peke yake, kwa mwendo wa mtu anayetembea huku akiwaza jambo jingine.

Trafiki alikuja kwa miguu. Hakuhitaji kuisimamisha rola. Alitembea kando yake huku akiandika, akamaliza, akachana karatasi na kumpa Konokono pale juu, na muda wote huo hakuna kati yao aliyepunguza mwendo.

"Nini hii, afande?"

"Notisi. Mwendo kasi."

"Wa nani?"

"Soma. Kila kitu kimeandikwa."

Konokono alisoma. Iliandikwa kwamba gari dogo la abiria, jeupe, likiendeshwa na mwanamke, lilipimwa likienda kilomita mia moja na kumi na nane kwa saa, tarehe thelathini na moja ya mwezi ambao una siku thelathini. Namba ya usajili ilikuwa ya rola.

"Afande, hili gari jeupe nalijua. Linapita hapa kila siku saa ya chakula. Linasukuma mapipa, linapita."

"Linapita mbio sana," alisema trafiki, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusimama juani. "Namba yake haisomeki. Yako inasomeka."

"Si ungeacha tu?"

"Kipima mwendo kikishapima, kinadai namba. Bila namba hakizimiki. Ningekwenda nacho nyumbani kinalia?"

Konokono aliikunja notisi, akaitia mfukoni, akaendelea kushindilia lami.

Jioni alimkuta mama yake kwenye cherehani, akishona sare za shule za watoto wa watu. Waliishi wawili tu. Mama aliinua macho, akaondoa mguu kwenye pedeli.

"Asubuhi ulitoka umenyoa."

"Nilinyoa, mama."

"Sasa hizo ndevu umezitoa wapi?"

Konokono alijishika kidevu. Ndevu zilikuwa za wiki nzima. Alinyoa tena kabla ya kula, na alipomaliza kula alikuwa na za kuchoma kwenye shavu. Chai yake ilipoa kabla hajaweka sukari. Mkate ulikauka mkononi. Mama alitazama yote hayo, kisha akamwekea mkate mwingine, akamwambia ale upesi.

Kesho yake alfajiri alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama, kama alivyofanya kila siku tangu ajue kusema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Geuka nikuone."

Akageuka. Nywele za pembeni ya masikio zilikuwa zimeingia mvi. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini na mbili.

Kazini, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mpishi. Huyu hakupika chakula. Alichemsha lami kwenye tangi lenye magurudumu mawili na namba ya usajili nyuma, akiikoroga kwa mti mrefu, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina.

"Konokono, jana tumekuacha kijana. Umelala wapi?"

"Kwetu."

"Basi kwenu kuna kazi ngumu." Mpishi alikoroga kidogo, akamtazama tena. "Shikamoo, mzee."

"Acha utani."

"Nani anatania? Nakuheshimu tu mapema, nisije nikachelewa. Hebu nione hiyo karatasi." Akaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini. "Hii ni uchafu mtupu. Rola ni gari dogo? Wewe ni mwanamke? Na hii tarehe haipo. Nenda ofisini kwao. Karatasi yenye makosa kama haya wataifuta wewe hujakaa kwenye benchi."

Alikwenda. Benchi la ofisi lilikuwa refu, limeng'arishwa na makalio ya watu waliosogea juu yake taratibu kutoka mlangoni hadi dirishani. Kioo cha dirisha kilikuwa na tundu moja tu la kuongelea, nalo lilitobolewa chini, hivyo kila aliyefika mbele aliinama kana kwamba anaomba radhi. Konokono aliingia kwenye foleni akiwa na kucha fupi. Alipofika mbele, kucha ziligonga kioo.

"Sema, kijana," alisema karani. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa sweta ijapokuwa kulikuwa na joto, na muhuri aliushika muda wote kama wengine wanavyoshika kikombe.

Konokono alieleza. Rola haiwezi kukimbia. Hata ikiteremka mlima ikiwa imekatika breki, mtoto angeipita.

"Nakuelewa," alisema karani. "Lakini mwendo haufutwi hapa. Hapa tunasahihisha makosa ya watu. Mwendo umepimwa na mashine, kwa hiyo unafutwa na kamati, ghorofa ya juu."

"Basi napanda."

"Huwezi. Kamati haipokei notisi yenye makosa. Lazima kwanza iwe safi. Ukishaisafisha, ndipo unapeleka lalamiko lako la mwendo."

"Na hizi ndevu?"

Karani aliinama kidogo ili aone vizuri kupitia tundu.

"Ee, hutokea. Mwendo ukishaandikwa hauwezi kukaa bure, lazima mtu aende nao. Mashine yako ni nzito, haikuupokea, ukakuchukua wewe. Siku ya wenzako kwako ni miezi. Kamati ikiufuta, utasimama hapohapo ulipofika."

"Sitarudi nilikokuwa?"

"Hiyo si idara yetu."

Nyuma yake mtu mmoja alikohoa, akaomba wafanye haraka kidogo, kuna watu wana shughuli zao.

"Haya, tusahihishe," alisema Konokono. "Yote."

"Fomu moja, kosa moja. Uanze na lipi?"

Konokono alichagua lililomuudhi kuliko yote. Karani alikata maneno *gari dogo la abiria, jeupe*, juu yake akaandika *rola ya kushindilia lami, njano*, kwa mwandiko mzuri usio na haraka. Konokono alitia sahihi. Muhuri ukashuka.

"Sasa imeanza kukaa sawa," alisema karani, naye alionekana kufurahi kwa dhati. "Rudi wiki ijayo tuangalie tarehe."

Usiku huo mama aliacha cherehani mapema. Alifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda chake, akatoa kitambaa cheupe alichokuwa amekikunja vizuri na kukiweka hapo miaka mingi. Konokono alikijua. Tangu akiwa mtoto alijua ni cha nini na ni cha nani.

"Nilimzika baba yako," alisema mama. "Nikamzika dada yako. Sikulalamika, nilisema bado nina mmoja wa kunizika mimi. Hiki nilikinunua kwa ajili yangu, na mikono ya kukifunga ni yako. Sijawahi kukuomba kingine."

"Najua, mama."

"Basi waambie hivyo huko dirishani. Waambie mama yangu ana zamu yake, asirukwe."

Aliwaambia. Wiki ile ilipoisha alikuwa na upara wa katikati na miwani aliyoazima kwa msimamizi wa kazi. Karani alimsikiliza hadi mwisho, akageuza fomu upande huu na upande ule.

"Hapa hakuna nafasi ya kuandika habari za mama, mzee wangu. Kuna jina, kosa, na masahihisho."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita mzee bila kucheka. Waliishughulikia tarehe. Konokono alikuwa na tumaini kidogo hapo. Njia nzima alikuwa amewaza kwamba siku ambayo haipo haiwezi kubeba kosa, kwamba aliyekimbia tarehe thelathini na moja ya mwezi huo hakukimbia. Karani alikubali kwamba siku hiyo haipo. Akaikata, akaandika thelathini. Siku ya thelathini ilikuwepo, na Konokono alikuwa kazini kutwa.

Muhuri ukashuka.

Nyumbani mama alianza kupunguza nguo za mwanawe. Kwanza mashati, maana mabega yaliingia ndani. Kisha suruali, ikabidi azipinde chini na kuzibana kiunoni. Alimpima kwa futi ya kushonea kila jioni, naye hakuandika vipimo popote, aliviweka kichwani kama vya wateja wengine. Wakati mwingine alimpima mara mbili mahali palepale, na mara ya pili futi ilisoma pungufu.

"Simama wima," alimwambia.

"Nimesimama wima, mama."

Kazini aliendelea kwa sababu rola haikujali umri wa anayeikalia. Alipanda ngazi zake kwa kushikwa mkono na Mpishi. Saa ya chakula gari jeupe lilipita. Liliangusha pipa, likayumba kidogo, likanyooka, na kioo cha dereva kilikuwa wazi siku hiyo kwa sababu ya joto. Mwanamke aliyevaa miwani ya jua alikuwa akiongea na simu. Hakuwa na sura mbaya wala nzuri. Alikuwa mtu anayewahi mahali.

"Huyo ndiye mwenye mwendo wako," alisema Mpishi.

"Anauacha tu njiani kama maganda," alisema Konokono.

"Mke wa nani yule?"

"Wa mtu."

Safari ya tatu hakukaa kwenye benchi. Mlinzi wa mlangoni alimshika kiwiko mara tu alipomwona, akampitisha mbele ya watu wote. "Wazee hawapangi foleni hapa," alisema, na waliokuwa wamekaa walivuta miguu kumpisha. Konokono alifika dirishani kwa muda mfupi kuliko siku zote. Hakuhitaji kuinama. Mgongo ulikuwa umemfikisha kwenye tundu wenyewe.

"Shikamoo, babu," alisema karani, akaweka muhuri chini kwa mara ya kwanza.

"Marahaba."

"Limebaki moja tu. Hapa pameandikwa mwanamke."

"Mimi ni mwanamume."

"Naona, babu." Akakata, akaandika. "Mkono wako unatetemeka. Tia alama tu, inatosha."

Konokono alitia alama. Karani akaishika notisi mbele ya mwanga, akaiangalia kwa namna fundi anavyoangalia meza aliyomaliza kuipiga msasa. Kisha akatoka nyuma ya kioo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akampa Konokono bega lake, wakapanda ngazi pamoja hadi ghorofa ya juu, wakipumzika kila walipofika kwenye kona.

Kamati ilikuwa na watu watatu, lakini aliyezungumza alikuwa mwenyekiti. Wengine wawili walikuwa wakigawana njugu kutoka kwenye karatasi. Mwenyekiti aliisoma notisi polepole, akiweka kidole chini ya kila mstari.

"Chombo: rola, njano. Ndivyo?"

"Ndivyo, mheshimiwa."

"Dereva: mwanamume. Namba ya usajili ni ya rola hiyo. Siku hiyo ulikuwa unaiendesha?"

"Nilikuwa naiendesha."

Mwenyekiti aliinua uso. "Mzee, nimekaa kwenye kamati hii muda mrefu. Sijawahi kuletewa notisi safi namna hii. Wewe unalalamikia nini?"

"Rola haiwezi kwenda kilomita mia moja na kumi na nane."

"Nani amesema ilikuwa rola?"

"Mimi."

"Mwanzoni hapa paliandikwa gari dogo, jeupe. Naona limekatwa. Gari dogo linaweza kwenda mwendo huo."

"Linaweza."

"Nawe ukaja, kwa miguu yako, ukaomba liandikwe rola. Sahihi hii ni ya nani?"

Konokono aliitazama sahihi. Ilikuwa ya kijana, yenye mkia mrefu. "Ni yangu."

"Na huyu mwanamke uliomba akatwe?"

"Niliomba."

"Basi mzee wangu, mwendo tukaupe nani? Hapa umebaki wewe peke yako."

Mmoja wa waliokuwa wakila njugu alitikisa kichwa kwa huruma. Konokono alitaka kusema jambo jingine, juu ya dirisha, na fomu, na jinsi alivyoambiwa lazima kwanza iwe safi. Alianza, lakini pumzi ikamwishia katikati ya neno, na walipomletea maji alikuwa amesahau alikuwa akienda wapi na maneno yale. Mwenyekiti aliandika kwamba mwendo unathibitishwa na utaendelea hadi utakapokwisha wenyewe. Akaongeza, kwa wema, kwamba kwa umri alionao mlalamikaji hafai kuendesha mitambo, na leseni yake ikabaki mezani.

Karani alimshusha ngazi. Chini alimtafutia kiti cha kupumzika, akamwamkia tena wakati wa kuagana.

Barabara ilikuwa imefunguliwa siku hiyohiyo. Mapipa yaliondolewa, mistari myeupe ilipakwa, na lami ilikuwa laini kiasi kwamba fimbo ambayo Mpishi alimchongea haikutoa sauti juu yake. Konokono alitembea pembeni. Kila hatua aliyopiga alikuwa amekwisha kupita hapo akiwa juu ya rola, mara nyingi, na alijua ni wapi palipokuwa na changarawe mbovu chini na wapi walimwaga lami mvua ikinyesha. Karibu na mwisho alimkuta Mpishi akikusanya vifaa vyake, na tangi la lami limeegeshwa kando, limepoa.

Gari jeupe lilipita. Upepo wake ulimsukuma Konokono akashika tangi.

Kutoka kwenye kivuli, kipima mwendo kililia. Trafiki alijitokeza, akatazama vumbi kule lilikoelekea, akatazama huku na huku. Akalizunguka tangi hadi nyuma, akainama, akaanza kuandika.

"Afande," alisema Mpishi, "hilo halina hata injini."

"Namba yake inasomeka," alisema trafiki. Hakuwa mtu mbaya. Alichana karatasi, akampa.

Mpishi aliisoma, akaikunja. Kisha akajishika kidevu na kuuacha mkono hapo.

"Usisahihishe kitu," Konokono alimwambia.

"Unasemaje, babu?"

"Usiwasahihishie kitu. Iache chafu hivyohivyo."

"Lakini dirishani si ndiyo wanataka..."

"Wanataka," alisema Konokono, na akaondoka, maana jua lilikuwa linashuka upesi sana kwake.

Mama alimsikiliza akiwa amekaa, mikono mapajani. Alitaka kuiona notisi. Aliweka kidole chake chenye subana ya kushonea juu ya maneno yaliyokatwa, moja baada ya jingine.

"Gari dogo, jeupe," alisoma. "Mwanamke. Huyu si ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Basi alikuwamo humu. Aliandikwa. Kila walichosahihisha kilikuwa cha kweli, cha kwake."

"Ndiyo, mama."

"Tukamtoa sisi, kwa mikono yetu."

"Kwa mikono yangu. Wewe ulikuwa unashona."

Mama alilicheka kidogo jibu hilo, bila sauti. Walikula. Yeye alikula kawaida, mwanawe alikula mara tatu katika mlo mmoja, kidogokidogo, kwa sababu meno yalikuwa yamebaki machache.

Asubuhi Konokono hakuamka mapema kwenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha mama. Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na cherehani, mikono juu ya fimbo, akingoja viungo vikubali kunyooka. Mama ndiye aliyekuja. Alikuwa na futi shingoni na kile kitambaa cheupe begani.

"Nisimame?" aliuliza Konokono.

"Kaa tu. Nitakupima ulivyo."

Alimpima kutoka utosini hadi kisigino, akiifuata mikunjo ya mwili wake. Akapima upana wa mabega. Kisha akakifungua kitambaa, akakishika mbele yake kama anavyofanya kwa mteja, akakilinganisha na futi.

"Kinatosha," alisema. "Hakihitaji kukatwa. Umekuwa kimo changu."

"Na wewe je?"

"Mimi nitanunua kingine. Bado nina muda."

Alikikunja, akakiweka juu ya cherehani. Halafu akabaki amesimama pale mbele yake, akimtazama usoni, kwenye kope zilizolegea na ngozi ya shingo, naye alikuwa mwanamke aliyezoea kupima kwa macho na hakukosea. Aliona kwamba amekwisha kupitwa kwa umri. Akapiga goti kidogo, kama alivyofunzwa na mama yake mwenyewe, akatoa heshima iliyostahili.

"Shikamoo."

Konokono aliingoja ile salamu iishe kabisa, kama alivyozoea kungoja lami ishike. Kisha akasogea kwenye benchi ili naye apate pa kukaa.

"Marahaba, mama," alisema.